Yakobo maana yake nini hasa? Kisigino, udanganyifu, na huyu James alitoka wapi

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu iliingia video ya mhubiri mmoja akiwa ameshika kipaza sauti na kitambaa cha jasho. Alikuwa anafundisha juu ya majina. Akasema Yakobo maana yake ni mdanganyifu, na kwamba mzazi anayemwita mwanawe Yakobo anamwita tapeli kila asubuhi anapomwamsha kwenda shule. Suluhisho, akasema, ni kubadilisha jina.

Ukoo wetu una akina Yakobo watatu. Mkubwa wao, mjomba, alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mimi nimeitwa Yakobo miaka 71 na sijawahi kula nauli ya mtu hata ya daladala." Watu wakacheka. Kisha binti mmoja wa sekondari akauliza swali ambalo lilinyamazisha kundi: "Halafu mbona kwenye Biblia ya Kiingereza hakuna Waraka wa Yakobo? Kuna James. James ni nani?"

Nikaahidi kujibu yote mawili. Jibu limekuwa refu kuliko ujumbe wa simu.

Tuanze na neno moja ambalo bila hilo hatutafika mbali: mzizi. Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu, na maneno yake mengi hujengwa juu ya konsonanti tatu zinazobeba maana ya msingi; irabu na viambishi huingia katikati na pembeni kubadilisha kazi ya neno. Sisi wenyewe tumerithi mfano mzuri bila kujua: kitabu, katibu, maktaba. Yote yana k, t na b, na yote yanahusu kuandika. Huo ndio mzizi.

Mzizi wa jina Yakobo ni herufi tatu za Kiebrania: ayin, kofu na beti. Ayin ni ile sauti ya ndani ya koo ambayo Waarabu wanaitamka na sisi Waswahili tunaiacha ipite: ipo mwanzoni mwa maneno yaliyotupa elimu, akili na arusi. Ukiiondoa, kinachobaki masikioni mwetu ni k na b. Katika Kiebrania mzizi huo unatoa neno *akev*, yaani kisigino. Katika Kiarabu nako kisigino ni *akibu*. Na kwa kuwa kisigino ni sehemu ya nyuma ya mguu, mzizi ukapanuka: kilicho nyuma, kinachofuata, matokeo, mwisho wa jambo.

Hapo ndipo utakapokutana na neno unalolitumia kila mwisho wa mwezi. Akiba. Neno hili tumelipata kwa Waarabu kutoka mzizi huohuo: kinachobaki nyuma baada ya matumizi. Kwa hiyo tunaposema akiba haiozi, tuko jirani kabisa na jina la Yakobo. Wayahudi nao walikuwa na mwalimu mashuhuri wa karne ya 2 aliyeitwa Rabi Akiba (wengine husema Akiva), na jina lake ni Yakobo hilohilo katika umbo la Kiaramu. Sijui kama vikundi vya kuweka na kukopa vilivyojipa jina la Akiba vimewahi kufikiria kwamba vina rabi.

Kiambishi "ya" kilichoko mwanzoni mwa Yaakov, kama Waebrania wanavyolitamka, kinafanya kazi inayofanana na "a" yetu katika "anafuata": kinamtaja mtendaji wa nafsi ya tatu. Kwa hiyo Yaakov ni sentensi nzima iliyofungwa kwenye neno moja. Yeye anafanya jambo la kisigino. Jambo gani? Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kulwa na Doto

Usukumani na Unyamwezini, pacha wa kwanza kutoka huitwa Kulwa na wa pili Doto, na majina hayo sasa yameenea Tanzania nzima. Mwanzo sura ya 25 ni hadithi ya Kulwa na Doto. Esau alitoka kwanza, mwekundu mwenye manyoya. Doto akafuata, mkono wake umeshika kisigino cha kaka yake, akaitwa Yakobo. Msimulizi haongezi neno. Maana ya jina anayoitoa ni hiyo tu: mtoto ametoka ameshika kisigino, kama ambavyo sisi tungemwita Chausiku aliyezaliwa usiku, au Mvua aliyezaliwa siku ya mvua. Shida na Mashaka ninaowafahamu si watu wenye shida kuliko wengine. Majina yao yanasimulia siku waliyozaliwa, si tabia watakayokuwa nayo.

Basi udanganyifu umetoka wapi?

Umetoka mdomoni mwa Esau, sura mbili mbele. Yakobo amevaa ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni ili baba yao kipofu ampapase na kudhani ni Esau mwenye manyoya. Amechukua baraka na kuondoka. Esau anarudi kutoka mawindoni na chakula chake, anakuta mambo yamekwisha, analia kwa uchungu, na katika kilio kile anasema (27:36) kwamba kweli jina Yakobo limemfaa, maana amemfanyia hivyo mara mbili: alichukua haki ya uzaliwa wa kwanza, na sasa amechukua baraka. Katika Kiebrania kilio hicho ni cha mtu mwenye ulimi wa ushairi hata akiwa na hasira, kwa sababu haki ya mzaliwa wa kwanza ni *bekhora* na baraka ni *berakha*: herufi zilezile, mbili zimebadilishana nafasi. Na kitenzi anachotumia ni *akav*, chenye kisigino ndani yake.

Kitenzi hicho kinaeleweka vizuri ukiwa umewahi kucheza mpira wa mchangani. Mtu anakimbia na mpira, hajui kilicho nyuma yake, mara mguu unapita kisiginoni na yuko chini anakula vumbi. Amepigwa mtama, au ngwala kama wengine wasemavyo. Hicho ndicho Esau anachosema: huyu ameshika kisigino changu tangu tumboni, na leo amenipiga mtama mara ya pili. Anacheza na jina. Anachukua neno lililohusu kuzaliwa na kuligeuza liwe shtaka.

Esau alikuwa na haki ya kulia. Simtetei Yakobo kwa zile ngozi za mbuzi. Na mchezo ule wa maneno haukuishia kwake. Hosea 12 anaurudia. Yeremia 9:4 anaposema kila ndugu ni wa kumwekea mwenzake hila, maneno ya Kiebrania yanasikika kama jina la Yakobo limesemwa mara mbili, na pale 17:9 anapoulalamikia moyo wa mwanadamu kuwa mdanganyifu, neno analotumia ni la mzizi huohuo. Kwa hiyo sikio la Mwebrania lilisikia hila ndani ya jina, hilo halina ubishi. Ila kusikika ndani ya jina ni jambo moja, na kuwa maana ya jina ni jambo jingine. Baadhi ya Biblia za Kiingereza zina tanbihi chini ya ukurasa inayosema Yakobo maana yake "anashika kisigino", na kwamba msemo huo katika Kiebrania humaanisha kudanganya. Wahubiri wengi huishia kwenye nusu ya pili ya tanbihi.

Na kumbuka msemaji ni nani. Ukienda kumuuliza mtu aliyedhulumiwa shamba na ndugu yake maana ya jina la ndugu huyo, usitegemee akupe kamusi.

Jina halikuwa la Yakobo peke yake

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda zaidi, na kuielewa kwake ni rahisi kwa msomaji wa Bujumbura au Kigali kuliko kwa msomaji wa London.

Burundi na Rwanda kuna majina ambayo ni sentensi juu ya Mungu. Habimana: Mungu yupo. Hakizimana: anayeponya ni Mungu. Lakini yako pia yale ambayo Mungu hatajwi. Rais wa Burundi anaitwa Évariste Ndayishimiye, na Ndayishimiye maana yake "ninamshukuru". Unamshukuru nani? Jibu liko kwenye ile "yi" ya katikati: ni kiambishi cha ngeli ya Imana, Mungu. Imana mwenyewe hajaandikwa, lakini kila mwenye lugha anamsikia.

Kiebrania kilifanya hivyohivyo. Natani, "ametoa", ni Nathanaeli aliyekatwa mkia: *el* ni Mungu, na Nathanaeli ni "Mungu ametoa". Yusufu ni "na aongeze", na umbo refu lenye jina la Mungu mwishoni lipo kwenye Ezra 8:10, Yosifia. Yefta ni "anafungua", na ukisoma Yoshua 19 utakuta bonde linaloitwa Yiftaeli. Mtaalamu wa majina akikutana na Yaakov, kitenzi kitupu kisicho na mtendaji, anauliza mara moja: mkia wake uko wapi?

Mkia umepatikana. Katika vibao vya udongo vya karne ya 18 kabla ya Kristo vilivyochimbuliwa Chagar Bazar, kaskazini mashariki mwa Syria, mnatajwa watu wenye jina Yaakub-El. Misri, kwenye mihuri midogo yenye umbo la mbawakawa, kuna mtawala wa zama za Wahiksosi, wageni kutoka Asia waliotawala kaskazini mwa Misri, aliyeitwa Yakub-Har, na mmoja wa mihuri hiyo ulichimbuliwa Shikmona, karibu na Haifa. Na Farao Thutmose wa Tatu, alipoorodhesha kwenye kuta za hekalu la Karnak, Misri, miji ya Kanaani aliyoitiisha, aliweka mmoja ambao jina lake husomwa Yaakub-El pia.

Kabla mtu hajakimbilia kutengeneza video nyingine: hao si Yakobo mwana wa Isaka, na vibao hivyo havithibitishi wala kukanusha habari zake. Vinachoonyesha ni kwamba jina lilikuwa la kawaida katika eneo lile, kama Juma au Hamisi mitaani kwetu. Na hakuna mzazi anayemwita mwanawe "Mungu ni mdanganyifu" au "Mungu ashike kisigino". Kitenzi kilikuwa na maana nyingine.

Maana hiyo ilihifadhiwa Ethiopia. Katika Kigeʽez, lugha ya kale ya ibada ya huko, ambayo nayo ni ndugu wa Kiebrania, kitenzi *akaba* cha mzizi huohuo maana yake ni kulinda, kutunza. Kulikuwa na cheo kikubwa cha kanisa kilichoitwa *akabe saat*, mtunza saa, na hata leo katika Kiamhari mwendesha mashtaka wa serikali huitwa *akabe hig*, mlinzi wa sheria. Kwa hiyo wataalamu wengi husoma Yaakub-El kuwa ni dua: Mungu na amlinde. Na ukifikiri kidogo, kisigino hakijaenda mbali. Mlinzi hutembea nyuma ya anayemlinda, karibu na visigino vyake.

Kwa hiyo jina lina tabaka tatu, na kila moja ina mwenyewe. Watu wa kale walilitumia kama dua ya ulinzi. Msimulizi wa Mwanzo akalisikia kama kisigino, kwa sababu alikuwa na hadithi ya mapacha. Esau akalisikia kama mtama. Kumkabidhi mtoto tabaka la tatu peke yake na kuliita "maana ya jina" ni kumnyima mawili ya kwanza.

"Lakini Mungu mwenyewe alimbadilishia jina," wataniambia, "akamwita Israeli." Kweli, Mwanzo 32, kando ya mto Yaboki, baada ya usiku wa mieleka. (Pale napo msimulizi alikuwa anafurahia lugha yake: Yaakov, Yabok na *yeavek*, "akashindana mieleka", yamefuatana kwa karibu kama vina vya malenga.) Ila angalia kilichofuata. Abramu alipoitwa Abrahamu, hadithi haikumwita tena Abramu. Yakobo, kinyume chake, anaendelea kuitwa Yakobo kurasa hadi kurasa, majina yote mawili yakipishana. Sura ya 46, mzee anaelekea Misri kumwona Yusufu, Mungu anamtokea usiku na kumwita: "Yakobo, Yakobo!" Na kwenye kijiti kinachowaka moto, Kutoka 3, Mungu anajitambulisha kwa Musa kuwa Mungu wa Abrahamu, Mungu wa Isaka na Mungu wa Yakobo. Kama jina lile lilikuwa tusi, hakuna aliyemwambia.

Waislamu wanaolitumia katika umbo la Yaakubu hawana mjadala huu kabisa. Kwao ni nabii, na katika Qur'ani, sura ya Hud aya ya 71, bibi yake anabashiriwa Is-haka, na baada ya Is-haka, Yaakubu. Neno la Kiarabu lililotumika kwa "baada" pale ni lile la "nyuma ya", na kwa anayejua mzizi wa jina inasikika vizuri sana: anayefuata nyuma.

Sasa huyu James

Uvumi unaosambaa ni kwamba Mfalme James wa Uingereza alipoagiza Biblia itafsiriwe alichomeka jina lake ndani. Ni hadithi tamu lakini tarehe zinaikataa. Biblia ya mfalme huyo ilitoka 1611. Biblia ya Kiingereza ya akina Wycliffe, karne ya 14, ilikuwa tayari na James; Agano Jipya la Tyndale la 1526 nalo lilikuwa naye. Mfalme alilikuta jina lake humo.

Njia yenyewe ni hii. Wayahudi wa Aleksandria walipoyatafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, baba wa makabila 12 walimwandika Iakob, bila kumvisha mwisho wa Kigiriki. Lakini Wayahudi wa kawaida walioitwa jina hilo karne zilizofuata, wakiwamo mitume, waliandikwa kwa mwisho wa Kigiriki: Iakobos. Ni kama sisi tunavyomwacha Ibrahimu wa maandiko na jina lake kamili, ilhali yule wa kijiweni tumekwisha kumwita Ebra. Kilatini kikafuata: Iacob kwa mzee, Iacobus kwa mitume.

Umbo la kitabuni lilikaa kitabuni. Umbo la mitume likaingia mitaani, kwa sababu watu waliwapa watoto wao majina ya watakatifu, na jina likiingia midomoni halitoki salama. Baadhi ya wasemaji wa Kilatini cha baadaye waligeuza b kuwa m, wakawa na Iacomus. Tamka b, kisha m, usikie midomo inavyofungana mahali pamoja. Si kosa la ajabu. Kutoka Iacobus Wafaransa wakapata Jacques, na Wahispania Yago, ambaye kwa kutanguliziwa "mtakatifu" akawa Santiago: mji mkuu wa Chile, na uwanja wa Real Madrid. Kutoka Iacomus wakatoka Giacomo wa Italia, Jaime wa Hispania, na James, aliyevuka kuingia Uingereza kupitia Kifaransa cha kale. Watafsiri wa Kiingereza walipoketi kufanya kazi, mzee wa Mwanzo walimchukua kutoka kitabuni, Jacob, na mitume wakawachukua kutoka mitaani, James. Jina moja likawa mawili.

Na ile J? Kwa Warumi haikuwepo. Ilikuwa I yenye mkia, na ilitengwa kuwa herufi kamili kuanzia karne ya 16. Wajerumani hadi leo huandika Jakob na kutamka Yakob. Kwa hiyo anayekuambia Y ya Kiswahili ni ushamba na J ndiyo sahihi, mwambie ni kinyume chake.

Kiswahili hakikupita mtaa wa Iacomus. Kuanzia mzee wa Mwanzo hadi Yakobo mwana wa Zebedayo aliyeuawa na Herode, Yakobo mwana wa Alfayo, na Yakobo ndugu wa Bwana aliyeongoza kanisa la Yerusalemu, wote kwetu ni Yakobo, kama walivyokuwa kwa mama zao. Hata Yakobo Buzabaliawo, mmoja wa mashahidi wa Uganda waliochomwa Namugongo mwaka 1886, ukimtafuta kwenye vitabu vya Kiingereza utamkuta chini ya James.

Mjomba anayajua haya kwa njia ngumu zaidi. Cheti chake cha ubatizo kinasema Yakobo, cha shule kinasema Jacob, na karani fulani wa zamani alimwandika James kwenye karatasi za kazi. Kwa kanisa ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu, na alilazimika kula kiapo mbele ya wakili kwamba wote ni yeye. Mzee hakubadilisha jina, aliyakusanya.

Binti wa sekondari nilimwambia afungue Biblia zake mbili mahali pamoja, mstari wa kwanza wa ule Waraka uliompa shida. Kimapokeo, mwandishi ni yule ndugu wa Bwana, ambaye mwanahistoria Yosefo anasimulia kwamba alipigwa mawe Yerusalemu, mnamo mwaka 62. Kwenye Kiingereza anamkuta James akiandikia makabila 12, na jina hilo halimkumbushi mtu baba wa makabila hayo. Kwenye Kiswahili anasoma: "Yakobo, mtumwa wa Mungu, na wa Bwana Yesu Kristo, kwa kabila kumi na mbili waliotawanyika, salamu." Yakobo, na makabila 12. Baba anaandikia watoto wake.

Baada ya dakika chache akajibu: "Ahaa. Kumbe kwa Kiingereza wanapitwa."